Flashi ya Kamera Kwenye Taa Nyekundu: Mwongozo Kamili kwa Dereva Anayengoja Barua ya Faini Nchini Marekani

Dereva aliyevuka makutano ya barabara wakati taa ya njano inageuka kuwa nyekundu, kisha akaona mwanga mkali ukiwaka nyuma yake, huanza kipindi cha wasiwasi kinachoweza kudumu wiki kadhaa. Hajui kama amenaswa, hajui atadaiwa kiasi gani, wala hajui kama leseni, bima au hata maombi yake ya uraia yataguswa. Kwa Waswahili walioko Marekani wasiwasi huo huongezwa na ushauri wa jamaa. Binamu aliyeko New York atasema ni dola 50 tu na mambo yanaisha, na rafiki aliyeko Sacramento atasema alilipa karibu dola 500. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu kamera za taa nyekundu zinaongozwa na sheria za kila jimbo, na sheria hizo zimetofautiana sana.

Mwongozo huu unafuata mambo kwa mpangilio yanavyomfika dereva, kuanzia dakika chache baada ya flashi kuwaka hadi siku shauri linapofungwa. Mifano imetolewa New York City, Chicago na California, kwa kuwa maeneo hayo matatu yanaonyesha vizuri tofauti iliyo muhimu kuliko zote: mahali ambapo sheria inamdai mwenye gari, na mahali ambapo inamshitaki aliyekuwa ameshika usukani.

Hatua ya kwanza: andika ulichokiona siku hiyo hiyo

Egesha gari mahali salama, kisha andika jina la barabara uliyokuwa ukipita na ile uliyoivuka, saa, mwelekeo, njia uliyokuwa ndani yake, mwendo wako kwa kadiri unavyokumbuka, hali ya hewa, na kama mbele yako kulikuwa na lori au basi lililoziba taa. Andika pia kama ulikuwa unakwenda moja kwa moja, unakata kushoto au unakata kulia. Ikiwa kulikuwa na gari la wagonjwa likipiga king'ora, msafara wa mazishi, au askari aliyekuwa akiongoza magari kwa mikono, liandike hilo kwa ukamilifu, kwa sababu linaweza kuwa utetezi wako wote. Mwenye kamera ndani ya gari aihifadhi video mara moja, kwani kamera nyingi za aina hiyo hufuta picha za zamani zenyewe ili kupata nafasi.

Kumbukumbu ya mtu mwenye hofu hubadilika upesi. Baada ya juma moja la kulala na jambo hilo kichwani, dereva aliyevuka kwenye njano huanza kuamini kwamba alivuka kwenye nyekundu, na aliyevuka kwenye nyekundu huanza kuapa kwamba ilikuwa njano.

Hatua ya pili: pima kama kweli ulivuka kwenye nyekundu

Kosa linahesabiwa pale gari lilipokuwa wakati taa ilipogeuka nyekundu. Katika sehemu kubwa ya Marekani, zikiwamo New York, Illinois na California, dereva aliyeuvuka mstari wa kusimamia taa ikiwa bado ya njano hajavunja sheria, hata kama taa iligeuka nyekundu akiwa katikati ya makutano. Kamera nazo zimetegwa kwa msingi huo: vihisi vilivyo chini ya lami au rada iliyo juu ya nguzo hulitambua gari linaloukaribia mstari, na mfumo hupiga picha pale gari linapoupita mstari huo baada ya taa nyekundu kuwa imekwisha kuwaka. Kwa kawaida picha huwa mbili au zaidi: moja ikionyesha gari likiwa nyuma ya mstari huku taa ni nyekundu, na nyingine ikilionyesha ndani ya makutano. Gari ambalo lilikwisha kuupita mstari kabla ya nyekundu haliwezi kutoa picha ile ya kwanza, na bila picha hiyo kosa halithibitiki.

Hesabu ifuatayo inaweza kumtuliza mtu, au kumwandaa kwa yatakayokuja. Gari linalokwenda maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48, hupita takriban mita 13 kila sekunde. Chicago huweka njano ya sekunde 3 kwenye barabara za maili 30, na ya sekunde 4 kwenye zile za maili 35 na kuendelea. Kwa hiyo dereva wa Chicago aliyekuwa akienda maili 30, akaiona njano akiwa chini ya mita 40 kutoka kwenye mstari na akaendelea kwa mwendo ule ule, aliupita mstari kabla ya nyekundu. California kiwango cha chini hupanda kadiri mwendo wa magari unavyopanda: sekunde 3.0 kwa maili 25, 3.6 kwa maili 35, na 4.3 kwa maili 45. Ili kukadiria umbali, tumia michirizi myeupe inayotenganisha njia. Kwenye barabara kuu, mchirizi mmoja pamoja na nafasi inayoufuata huwa kwa kawaida futi 40, ambazo ni karibu mita 12. Ukikumbuka kwamba ilibaki michirizi mitatu kufika kwenye mstari, ulikuwa umbali wa mita 36 hivi.

Wanaokata kona wanastahili uangalifu wa pekee. Kanuni ya kihesabu iliyotumika kwa miongo mingi kupanga urefu wa njano ilimfikiria dereva anayekwenda moja kwa moja bila kupunguza mwendo, ilhali anayekata kona lazima apunguze, na hivyo huhitaji muda mrefu zaidi kufika kwenye mstari. Aliyelipigania jambo hili ni Mats Järlström, mhandisi mzaliwa wa Sweden anayeishi Beaverton, Oregon, baada ya mkewe kupigwa faini ya kamera mwaka 2013. Bodi ya jimbo inayosimamia wahandisi ilimtoza yeye mwenyewe dola 500 kwa kujitambulisha kuwa mhandisi bila leseni ya jimbo hilo. Alikwenda mahakama ya shirikisho akashinda mwaka 2018, na mwaka 2020 taasisi ya kitaalamu ya wahandisi wa usafiri ilirekebisha mwongozo wake kuhusu muda wa njano. Naona kisa hiki kinafaa kujulikana kwa sababu kinaonyesha kwamba swali la urefu wa njano ni swali halali, na kwamba anayeliuliza hapaswi kuonekana mkwepa sheria.

Kukata kulia kwenye nyekundu ni mtego mwingine. California na Chicago inaruhusiwa baada ya kusimama kabisa, isipokuwa pale palipo na kibao cha kukataza. New York City ni kinyume chake: imekatazwa isipokuwa pale palipo na kibao cha kuruhusu. Kamera haitofautishi sana kati ya anayepita kwa kasi na anayekata kulia polepole bila magurudumu kusimama. Wote wawili hupigwa picha.

Hatua ya tatu: hakikisha kilichowaka ni kamera ya faini

Si kila kamera iliyo juu ya taa hutoa faini. Zile ndogo zilizokaa juu ya mkono wa chuma unaobeba taa zenyewe, zikiyatazama magari yanayokuja, mara nyingi kazi yake ni kutambua kwamba kuna magari yanayongoja ili taa ibadilike. Kamera ya faini kwa kawaida ni sanduku kubwa juu ya nguzo yake yenyewe kando ya barabara, mita kadhaa kabla ya makutano, ikiyatazama magari kutoka nyuma, na karibu yake kuna taa ya flashi. California huwa na nyingine inayomtazama dereva usoni, kwa sababu ambayo itaelezwa hapa chini.

Tazama kwenye tovuti rasmi ya mji ambako jambo lilitokea. Miji mingi huorodhesha makutano yenye kamera, na Chicago hufanya hivyo kwa uwazi. Los Angeles iliacha kuendesha kamera zake mwaka 2011. Texas ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2019, kwa hiyo aliyeona flashi Houston au Dallas leo hana sababu ya kungoja barua ya taa nyekundu. Zaidi ya hayo, flashi inaweza kuwa iliwaka kwa ajili ya gari la njia ya pembeni.

Hatua ya nne: tambua sheria inamdai nani

Hapa ndipo majibu ya maswali mengi yanapotoka.

New York City ilianza kutumia kamera za taa nyekundu mwaka 1993, kabla ya mji mwingine wowote nchini humo, na sheria ya mwaka 2024 iliruhusu idadi ya makutano yenye kamera ipande kutoka 150 hadi 600. Huko anayedaiwa ni mmiliki aliyesajiliwa, awe alikuwa ndani ya gari au amelala nyumbani. Faini ni dola 50, na anayechelewa huongezewa dola 25. Hakuna pointi (alama za makosa) kwenye leseni, na kosa hilo haliingii kwenye rekodi ya dereva. Chicago nayo humdai mmiliki: faini ni dola 100 bila pointi, ingawa deni lisilolipwa hukua haraka. Kwa dereva wa maeneo haya mawili, wasiwasi wa kupoteza leseni kwa sababu ya picha moja hauna msingi.

California kwa miaka mingi imetumia mfumo wa kimahakama ulio tofauti kabisa. Chini ya mfumo huo kosa ni la dereva, kamera lazima ioneshe sura yake, na shauri huenda mahakama ya trafiki ya kaunti. Faini ya msingi ni dola 100, lakini tozo za jimbo, kaunti na mahakama huipandisha hadi karibu dola 490, na pointi moja huingia kwenye rekodi ya udereva, ambayo kampuni ya bima inaweza kuiona. Kiasi halisi ni kile kitakachoandikwa kwenye hati yako.

Tofauti hii ina uzito katika familia zetu, kwa kuwa gari moja huendeshwa na watu wengi. Kijana aliyewasili karibuni huendesha gari lililosajiliwa kwa jina la kaka yake mkubwa au shemeji yake. New York na Chicago barua itakwenda kwa shemeji, na deni litakuwa la shemeji mbele ya mji, hata kama kila mtu nyumbani anajua nani alikuwa dereva. Heshima inadai umweleze mapema, kabla hajaifungua bahasha mwenyewe. California barua ya kwanza pia hutumwa kwa mwenye gari, lakini mahakama inapaswa kuthibitisha kwamba aliyeshitakiwa ndiye aliyekuwa akiendesha, na mwenye gari asiyekuwa dereva ana nafasi ya kulieleza hilo kwa maandishi.

Hatua ya tano: hakikisha barua itakufikia

Katika mlolongo huu wote, hatari kubwa kuliko faini yenyewe ni barua iliyotumwa kwenye anwani ya zamani. Mji hutuma notisi kwa anwani iliyo kwenye usajili wa gari, na muda wa kujibu huendelea kuhesabiwa hata kama bahasha imelala kwenye sanduku la posta la nyumba uliyohama mwaka uliopita. New York, Illinois na California zote zinamtaka dereva aiarifu idara ya magari ndani ya siku 10 baada ya kuhama, na kuiarifu posta pekee hakutoshi. Fanya hivyo leo kama hujafanya, kwa leseni na kwa usajili wa gari, kwani mara nyingi ni maombi mawili tofauti.

Huna haja ya kukaa ukingoja tu. New York City na Chicago zina tovuti rasmi ambapo unaweza kutafuta deni kwa namba za gari lako, na kuangalia mara moja kwa juma kunatosha. California hati inapaswa kutumwa kwa mwenye gari ndani ya siku 15 tangu siku ya tukio. Kwa gari la kukodi, hesabu muda mrefu zaidi: notisi huenda kwanza kwa kampuni, ambayo hulitoa jina lako au hulipa na kukutoza pamoja na gharama yake ya usumbufu. Mkataba wa kukodi ndio unaoeleza ipi itafanyika.

Mwenye hofu ndiye anayetapeliwa kwa urahisi. Mwaka 2025 idara za magari za majimbo mengi pamoja na FBI zilionya kuhusu ujumbe wa simu unaodai kwamba mpokeaji ana faini ya barabarani na kwamba leseni yake itasimamishwa asipolipa kupitia kiungo kilichowekwa. Ukipata ujumbe wa namna hiyo siku tatu baada ya kuona flashi, utauamini upesi, na hilo ndilo matapeli wanalolitegemea. Usibonyeze kiungo. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya mji, weka namba za gari, uone kama kuna deni. Notisi halali huwa na namba yake, jina la makutano, saa na picha, na kwa kawaida huja kwa posta.

Hatua ya sita: isome notisi kwa makini

Itazame video kabla ya kufanya jambo lolote. New York City na Chicago huiweka mtandaoni, na unaifungua kwa kutumia namba zilizo kwenye notisi. Angalia namba za gari herufi kwa herufi, kwa kuwa 8 husomwa B na 0 husomwa O. Linganisha aina na rangi ya gari na lako. Katika picha ya kwanza, tazama gurudumu la mbele liko upande gani wa mstari na taa inaonyesha rangi gani. Kisha soma maandishi yaliyo ukingoni mwa picha, ambayo kwa kawaida huonyesha muda uliopita tangu nyekundu iwake na mwendo wa gari, na mara nyingine urefu wa njano. Chicago tangu mwaka 2017 kamera hungoja sehemu 0.3 ya sekunde baada ya nyekundu, badala ya 0.1 ya awali, kabla ya kuhesabu kosa.

California kuna jambo moja zaidi. Baadhi ya barua zinazotumwa kwa wenye magari zinafanana na hati ya mahakama lakini hazina anwani ya mahakama wala agizo la kufika huko. Lengo lake ni kumwomba mwenye gari amtaje aliyekuwa akiendesha. Kabla ya kujaza chochote, tafuta jina na anwani ya mahakama kwenye barua, kisha piga simu mahakama hiyo au angalia tovuti yake uone kama shauri lako limesajiliwa. Ukikiri jambo kwa maandishi kabla ya kujua unajibu nini, ni vigumu kulirudisha.

Hatua ya saba: amua kulipa au kupinga

Kama video inaonyesha wazi gari likiupita mstari kwenye nyekundu na wewe unakumbuka hivyo hivyo, lipa kwa wakati. Nasema hivi bila kusita, kwa sababu mwaka 2022 zaidi ya watu 1,000 waliuawa nchini Marekani katika ajali zilizohusisha kupita taa nyekundu, na wengi wao hawakuwa waliovunja sheria bali waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu waliokuwa ndani ya magari mengine. Asiye na uwezo wa kulipa kwa mkupuo aombe mpango wa malipo kabla muda haujapita. Chicago inao, na mahakama za California zina mfumo wa mtandaoni uitwao MyCitations unaomwezesha mwenye kipato kidogo kuomba apunguziwe.

Kupinga kunafaa pale penye sababu inayotambuliwa na sheria. Chicago sababu hizo ni pamoja na gari kuwa limeibwa au kuuzwa kabla ya tukio, dereva kupisha gari la dharura, kuwa ndani ya msafara wa mazishi, au kuwa tayari amepewa hati na polisi kwa kosa hilo hilo. Kila sababu inahitaji ushahidi wake: ripoti ya polisi, hati ya mauzo, barua ya kanisa, msikiti au nyumba ya mazishi, au video ya gari lako. Kusema kwamba ulikuwa unachelewa kazini, au kwamba huijui barabara hiyo, hakumsaidii mtu. New York City unaweza kupinga kwa mtandao au kwa posta bila kukosa siku ya kazi. Jibu ndani ya siku 30, na uisome tarehe ya mwisho kwenye notisi yenyewe badala ya kuikisia. Madeni ya hukumu yakizidi dola 350 mjini humo, gari linaweza kufungwa mnyororo wa gurudumu au kuvutwa.

California una njia ya kujitetea kwa maandishi bila kufika mahakamani. Unaweka kwanza fedha yote ya faini, unatuma maelezo na ushahidi, na ukishinda unarudishiwa. Ukishindwa, una siku 20 za kuomba shauri lisikilizwe upya ana kwa ana. Jihadhari na ushauri wa zamani unaosema kwamba picha za kamera hazikubaliki kama ushahidi, kwani Mahakama ya Juu ya jimbo ilikwisha kuzikubali mwaka 2014. Hoja zenye nguvu zaidi ni za ukweli wa tukio: sura iliyo kwenye picha si yako, njano ilikuwa fupi kuliko kiwango, au kibao kinachotakiwa kuwaonya madereva hakikuwapo.

Hatua ya nane: funga shauri na utunze karatasi

Dereva wa California aliyekubali kosa anaweza kuomba kuhudhuria shule ya trafiki ili pointi isionekane na kampuni ya bima, mradi hajaitumia nafasi hiyo katika miezi 18 iliyopita. Wenye leseni ya kibiashara, na ndugu zetu wanaoendesha malori ni wengi, hawapati faragha hiyo. Sheria ya shirikisho inawataka pia wamwarifu mwajiri ndani ya siku 30 wakitiwa hatiani kwa kosa la barabarani lisilo la maegesho, hata kama walikuwa kwenye gari lao binafsi.

Kwa anayesubiri uraia, fomu ya maombi, N-400, inauliza kuhusu kukamatwa na kupewa hati za makosa. Notisi ya New York au Chicago ni dai la kiraia dhidi ya mwenye gari, na hati ya mahakama ya California ni jambo la aina nyingine, kwa hiyo usiichukulie ya mwenzako kuwa sawa na yako. Mwoneshe mwanasheria wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa karatasi yenyewe kabla ya kujaza fomu, na ujibu kwa ukweli. Hifadhi notisi, risiti ya malipo na uamuzi wa mwisho kwa karatasi na kwa picha kwenye simu. Baada ya majuma mawili tangu kulipa, ingia tena kwenye tovuti ya mji au ya mahakama, weka namba ya notisi, na uhakikishe kwamba deni linasomeka sifuri.